Dirisha la Chumba cha Mbele

Pigo la kwanza halikumwangusha Ngosha. Aligeuka tu kama mtu aliyeitwa jina, akamtazama Malimi kwa mshangao, damu ikimtiririka nyuma ya sikio. Pigo la pili lilimpata mdomoni. La tatu Malimi hakuliona lilipotua, maana alikuwa amefumba macho.

Alipoyafumbua, Ngosha alikuwa chini kwenye sakafu ya chuma, kisigino kimoja kikikwaruza bati. Kisha kisigino nacho kikatulia.

Malimi alibaki na nyundo mkononi, anahema. Hakujuta. Tusidanganyane: alichokisikia moyoni ni raha. Asubuhi ile alikuwa ametoka kumwona dada yake Modesta, mke wa Ngosha, taya imefungwa kwa waya, anakunywa uji kwa mrija. Alipomuuliza shemeji yake habari hizo, humo humo ndani ya boti, Ngosha alicheka.

"Shemeji, ng'ombe zangu mlizipokea mkafurahi," alisema. "Sasa mke ni wangu. Ukitaka wa kumsemea, oa wako."

Nyundo ilikuwa karibu.

Boti yenyewe ilikuwa mpya, ya chuma kitupu, imesimama juu ya magogo ufukweni Ilemela, haijaonja maji bado. Mafundi wengine walikuwa wamepanda kule kwenye mawe, kwa mama ntilie, kula sato. Malimi na Ngosha walibaki kumalizia madirisha ya duara ya chumba cha mbele. Yote yalikuwa yamekwisha kufungwa, vioo vimebandikwa karatasi visichafuliwe na rangi. Limebaki moja.

Na hilo moja ndilo lililokuwa balaa. Tundu lilikuwa wazi, na mtu yeyote akipita nje akachungulia, angemwona Ngosha alivyolala. Tena tajiri mwenye boti, mzee Mohanlal, alikuwa amesema atafika mchana huo.

Malimi alitoka, akaufunga mlango wa chumba kwa kufuli, ufunguo akautia soksini. Nyundo akaisuuza ziwani pamoja na mikono yake, akaichomeka kiunoni. Aliona mambo ni mepesi. Alizibe tundu, aseme Ngosha kaondoka, na jioni watu wakitawanyika amtoe, amfunge kipande cha reli, amkabidhi kwa samaki. Ngosha alizoea kupotea. Akipotea safari hii, nani angehangaika? Modesta angepona, angelala usingizi kama watu wengine. Lakini akionekana leo, Malimi ataozea jela, na Modesta hana ndugu mwingine.

Akapanda jukwaa la mbao nje ya boti. Akapaka gundi nyeusi kuzunguka tundu, akalibandika dirisha na kioo chake chenye karatasi, akachomeka bolti kila mahali pake. Nati zilikuwa zimebaki ndani, mfukoni mwa marehemu. Gundi mbichi ndiyo iliyolishika dirisha, basi.

Hajashuka, gari la Mohanlal likasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Mwenzako yuko wapi?"

"Ameondoka, mzee. Alipigiwa simu, akakimbilia Butimba. Si unamjua na wanawake wake."

Mohanlal alisonya, akaanza kupanda jukwaa. Huyu mzee alikuwa mtu wa kutikisa vitu. Hata ukimkaribisha kiti hakikalii mpaka akitikise kwanza, na boti hii alikuwa ameitikisa tangu ikiwa mbavu tupu. Alishika dirisha la kwanza, akalivuta kwa mikono miwili. Likakaa. La pili nalo likakaa. Akasogea, akafika la Malimi.

"Hilo bado bichi, mzee," Malimi akawahi kusema. "Acha gundi ishike."

"Bolti si zimo?"

"Zimo."

"Basi kaza nione."

Bolti za madirisha haya hazing'ati chuma, zinapita tu kwenye matundu. Kinachozishika ni nati, upande wa pili. Ndiyo maana kazi hii haifanywi na mtu mmoja: wa nje anazungusha spana, wa ndani anashika nati, na siku zote wa ndani alikuwa Ngosha. Leo bolti ingezunguka bure hata kama angeizungusha mpaka usiku. Mzee angeona. Angevuta, dirisha lingemjia mikononi, naye angeingiza kichwa kutazama kulikoni.

"Kaza, fundi. Unangoja nini?"

Mohanlal alikuwa ameinama karibu na fremu, miwani puani, kisogo chake kimeachwa wazi. Kilikuwa kisogo chembamba, cha mtu mzima, kina nywele chache nyeupe. Mzee huyu hakuwahi kumkosea Malimi hata neno. Malimi alikitazama kisogo kile, na mkono wake wa kushoto ukashuka wenyewe mpaka kwenye nyundo. Alijichukia. Alijichukia sana, lakini alikuwa anajua atapiga wapi, na safari hii hatafumba macho.

Kwa mkono wa kulia akatia spana, ili mzee aendelee kuinama.

Bolti ikazunguka bure. Ikazunguka bure tena. Mohanlal akanyoosha mikono kulishika dirisha, na nyundo ikachomoka kiunoni.

Kisha bolti ikagoma. Fremu ikajivuta kwenye chuma, gundi ikafinyika ikatokeza pembeni. Ndani, mtu alikuwa ameshika nati.