Kilatini cha Kiriri

"Kwa Kilatini, paka anaitwa nani?"

Musafiri hakulitegemea swali hilo. Mbele yake walikaa mabwana watatu wenye tai, katikati yao Directeur Zénon, ambaye kazi ilikuwa nyumbani kwake Kiriri, mtaa wa wakubwa kilimani. Tangazo lilisema tu kwamba anatakiwa mtu anayezungumza Kilatini. Kumi na wanne walikwisha kuulizwa na kurudishwa.

Kwa miaka sita Musafiri alifundisha Kilatini katika seminari moja upande wa Bukavu, mpaka vita vya mwaka 1967 vikamvusha mpaka wa nchi. Sasa alifyatua matofali Kinama, mtaa wa wanyonge, na mkewe Consolée alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Feles, Bwana Directeur. Lile ni la vitabu. Watu wa kawaida, baadaye, walisema cattus."

"Na watoto wake?"

"Wa paka?"

"Wa neno!"

Musafiri akawataja. Wafaransa walisema chat, Waitaliano gatto, Waspania gato, Wajerumani Katze. Hata Waarabu wana qitt, na wapo wanaosema Roma yenyewe iliazima neno hilo Afrika.

Mabwana wakatazamana. Mmoja, aliyesoma Ubelgiji, akasema hajapata kusikia Roma ikiazima kitu kwa mtu. Wakabishana nusu saa nzima kwa Kifaransa, wakipiga meza, huku Musafiri amesimama.

"Na paka yetu sisi," Zénon akamgeukia, "neno lake lilitoka Roma?"

"Apana, Bwana Directeur. Lile halikupita kule."

Zénon akacheka. "Huyu ndiye. Lakini ni Kilatini ya kusema, si ya kuandika. Utaweza?"

"Kule seminari, mi hata ndoto niliota kwa Kilatini."

Habari zilifika Kinama kabla yake. Wafyatua matofali wenzake wakamwita Professeur. Consolée alilia, akacheka, akalia tena.

"Directeur ana watoto wangapi?"

"Hawakusema. Lakini watu wakubwa wanaanzisha watoto mapema. Hao ndio mawaziri wa kesho."

Usiku huo aliandaa somo la kwanza, na la pili.

Jumatatu asubuhi akapanda Kiriri kwa miguu, chaki mfukoni. Geneviève, mke wa Zénon, alimfungulia mlango wa sebule yeye mwenyewe.

"Bonjour, Professeur. Afadhali umekuja. Padri mwenye alirudi Ulaya alituachia huyu. Alimzoesha Kilatini tu, na Kifaransa hasikii kabisa. Umwambie ashuke kwa kiti ya bwana yangu."

Musafiri akamfikiria Consolée. Akainama mbele ya kiti, akamwomba paka, kwa Kilatini safi na kwa heshima zote, ashuke.