Bata Bukini na Lango la Mji

Huko Ulaya, mashine za kufuma nguo zilipoanza kunguruma, Bata Bukini alikuwa bawabu wa mji uliozungukwa na ukuta. Aliwakataa wageni kwa madaha, ungedhani anawaalika harusini.

Siku moja akaja Mama Panya na wanawe tele. Shamba lilikuwa limewashinda, na sasa walitafuta kazi katika kiwanda cha mjini.

"Mji umejaa," Bata akasema. "Hata kivuli changu kimekosa pa kukaa."

"Basi tutalala hapa nje, mzee wangu."

"Laleni. Nje hakunihusu."

Wakajenga kibanda. Panya wengine waliokataliwa wakajenga ubavuni, mpaka vibanda vikagusana. Nguruwe mwenye kiwanda, alipoona vibarua wote wako nje, akahamishia mashine zake huko. Wachuuzi wakawafuata wanunuzi, na wenyeji wakalifuata soko. Ndani akabaki Bata, analinda upepo, tumbo tupu.

Mwishowe akaburuta kigoda chake hadi kwa Mama Panya.

"Mwanangu, hamhitaji bawabu huku?"

"Chakula kipo, mzee, na pa kulala tutabanana," Mama Panya akamjibu. "Ila huo ubawabu utaufanyia wapi? Huku hatukujenga lango."