Uzi wa Sabato

Ibada ilikuwa imefika katikati, na Mzee Momanyi alikuwa amevua kiatu kimoja.

Hakuna aliyemwona. Alikaa kwenye ncha ya benchi, karibu na dirisha la upande wa ziwa, na kwenye kidole gumba cha mguu wake wa kulia alikuwa amefunga uzi ambao hata yeye mwenyewe ilimbidi ainame ndipo auone.

Alikuwa ameufuata hadi Homa Bay, Alhamisi. Levis, mwenye duka la vifaa vya uvuvi, alimwonyesha kwanza nailoni ya kawaida. Momanyi akakataa. Mwaka huo wa tisini na sita, mbuta, wale sangara wakubwa wa Muhuru Bay, walikuwa wameerevuka kuliko wavuvi. Wakiiona nailoni, wanageuza mkia.

"Basi chukua hii, mzee," Levis alisema. "Inaitwa fluorokaboni. Ukitia kwa maji hauioni. Inazama yenyewe, na haivutiki ovyo. Samaki akigusa tu, unajua. Lakini fundo uliloweshe na mate kabla ukaze, ama itakatika hapo hapo."

"Ziko ngapi?"

"Zilikuwa mbili. Ingine ilibebwa jana na mtu wenu wa huko Muhuru. Amenikataza kumtaja."

Momanyi akalipa haraka. Yeye pia hakutaka kutajwa.

Shida yake ilikuwa hii: Jumamosi, jua likizama tu na Sabato kuisha, wazazi wa mchumba wa binti yake Sheila wangeingia nyumbani. Bathsheba, mkewe, alikuwa ameapa kwamba wakwe hawatalishwa vidagaa vya omena katika nyumba yake. Wiki nzima nyavu zilirudi tupu. Na mzee wa kanisa kama yeye akikutwa anavua siku ya Sabato, anaondolewa uzee mbele ya waumini wote, binti yake akiwa palepale kwenye kwaya.

Basi akatumia akili. Ijumaa, jua likiwa bado juu, alitia chambo, akaurusha uzi mbali, akaupitisha kati ya mawe mpaka chini ya dirisha la kanisa. Kutega alitega siku ya kazi. Samaki akiamua kujinasa Jumamosi, hiyo ni dhambi ya samaki.

Mchungaji Gisiri alikuwa akihubiri juu ya amri ya nne. Kwa kawaida alihubiri akizunguka kanisa zima, mpaka shingo za waumini zikauma kwa kumfuata. Leo alisimama nyuma ya mimbari, mgongo wake ukielekea mlango wa ziwani, akaganda kama nguzo ya stima.

Kidole kikashtuka.

Momanyi akakunja mguu, akavuta kidogo. Huko majini kitu kikavuta pia. Huyo hakuwa sato, huyo alikuwa mbuta mzima wa kulisha wakwe na majirani!

Akavuta tena.

"Siku sita fanya kazi," Mchungaji alisema, akaishika mimbari ghafla, "na siku ya saba... ya saba..."

Samaki akajibu kwa nguvu. Mguu wa Momanyi ukapanda ukutani, nusura utoke dirishani.

"Amina!" akapiga kelele kwa maumivu.

"Amina!" kanisa likaitikia. Sheila akamtazama baba yake kwa fahari. Hakuwahi kumsikia akiguswa na neno namna ile.

Jasho lilimtoka. Kidole kilikuwa kimegeuka zambarau, lakini fundo halikulegea, kwa maana alililowesha vizuri. Akamwona Mchungaji naye akifuta jasho kwa leso, na moyoni akamwonea huruma kwa kazi ya kuhubiri kwenye joto lile. Kisha akaikumbuka sura ya Bathsheba akipakua omena.

Alikumbatia benchi kwa mikono yote miwili, akauvuta mguu kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Mchungaji Gisiri akatoka nyuma ya mimbari kinyumenyume, akirukaruka kwa mguu mmoja kuelekea mlango wa ziwani. Ule mwingine, uliokuwa umetangulia hewani, haukuwa na kiatu.