Pilau Iliyochacha

Asubuhi iliyofuata kipaimara cha mjukuu wake, Veridiana alibeba sufuria nzima ya pilau iliyochacha kwenda kuimwaga jalalani, nyuma ya soko la Tabora.

Bikizee mmoja alikuwa amechuchumaa kwenye majivu, akiokota wali punje kwa punje na kuupuliza. Vidole vilimtetemeka kama vya marehemu mama yake Veridiana, enzi walipokimbilia kambi ya wakimbizi ya Ulyankulu na njaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwaga tu, mwanangu. Kesho mna sherehe tena?"

Veridiana alishindwa kumwaga. Akampigia simu katekista.

"Ule mchango niliouahidi usiende kwenye ujenzi wa ukumbi wa parokia. Wape wale akina mama wanaowapikia uji wazee wenye njaa."

"Vizuri. Ila wao hupika Alhamisi tu."

Siku ile ilikuwa Jumatatu, na bikizee alikuwa bado anamsubiri amwage.