Hatua Tisini za Pekeshe

Jumamosi, tarehe 17 Januari 2026, wanakikundi wa Golbanti walisimama kando ya mfereji wakimtazama mzee wa miaka sabini na mmoja akinyoosha viungo kabla ya kumshtaki mwanamke kwa wizi wa ardhi.

Pekeshe aliinama mara kumi, akazungusha mabega mara kumi, kisha akaitwaa fimbo ya gofu. Alikuwa amerudi nayo kutoka Mombasa, baada ya miaka thelathini ya kubeba mifuko ya wachezaji. Walinzi wengine wa mpunga waliwafukuza ndege kwa kombeo. Yeye aliyapiga makoma, matunda makavu ya mkoma, kwa fimbo hiyo, yakavuma juu ya mpunga, na ndege wakatimka. Kikundi kilimlipa magunia mawili kila mavuno, na hayo ndiyo yaliyomlisha yeye na mkewe, Dama.

"Nilipoanza kazi hii nililipiga koma likafika hatua tisini," alisema. "Leo linafika hatua tisini. Kila asubuhi nachuchumaa mara thelathini. Kila jioni nabeba madumu mawili kutoka mtoni. Usiku nakula nusu sahani."

"Na nusu ya pili unakwenda kuila kwa nani?" aliuliza Gladys, aliyekuwa amesimama ndani ya mpunga wake.

Watu walicheka. Pekeshe hakucheka.

Gladys ndiye aliyeanzisha vita. Shamba lake lilikuwa la mwisho, likipakana na njia ya ng'ombe, na msimu huu ndege walikuwa wameishambulia sehemu yake ya mbali. Alisimama katikati ya soko la Tarasaa akatangaza kwamba makoma ya Pekeshe hayafiki tena, na kwamba kikundi kitafute mlinzi mwenye nguvu.

Siku hiyohiyo Pekeshe alikwenda kujipima. Koma lilianguka hatua tisini, bila kupungua hata moja. Lakini tuta la mpaka wa Gladys lilikuwa mbele zaidi! Hapo akaelewa. Bonde lote la kikundi lilikuwa na upana wa hatua tisini, kutoka mferejini hadi njia ya ng'ombe, na aliyelipima miaka kumi na miwili iliyopita alikuwa yeye mwenyewe. Mafuriko ya mwaka 2024 yalifuta matuta yote. Gladys alipolijenga lake upya, alilisogeza hadi ndani ya njia ya ng'ombe.

"Mzee, muogope Mungu," Gladys alisema. "Tuta hili lipo palepale alipoliacha marehemu mume wangu."

"Marehemu hawezi kuja kutoa ushahidi. Mguu wangu upo."

"Mguu wenyewe umefungwa leso gotini!"

"Leso ni mapenzi ya Dama. Wewe wa kukufunga hayupo."

Hamisi, mwenyekiti wa kikundi, aliinua mkono. Hakupenda ugomvi huu, lakini ugomvi na wafugaji juu ya njia ya ng'ombe aliuogopa zaidi. "Matusi yatoshe," alisema. "Mzee, piga tuone."

Pekeshe alizungusha kiuno, fimbo ikalia hewani, na koma likaruka likatua ndani ya mpunga wa Gladys. Hamisi alikwenda akasimama pale lilipoanguka. Mzee akaanza kutembea kutoka mferejini, kifua mbele, na watu wote wakahesabu pamoja naye kwa sauti.

"Themanini na nane! Themanini na tisa! Tisini!"

Mguu wake ulisimama ubavuni mwa koma. Mbele yake, hadi kwenye tuta, zilibaki hatua ishirini za mpunga uliokaribia kuiva. Gladys alidai ahesabu tena. Alihesabu tena. Alidai mara ya tatu, naye akahesabu mara ya tatu. Zilikuwa tisini.

"Mlinzi hana kosa," Hamisi alisema. "Hatua ishirini zirudi kwa njia ya ng'ombe, leo hii."

Gladys aliketi chini katikati ya mpunga. "Nitakula nini na wanangu? Anzeni kunikata mimi."

"Kaa hapohapo," Pekeshe alimjibu. "Ng'ombe hawali watu."

Wanawake wawili walimwinua kwa nguvu. Majembe yakalivunja tuta, na kabla ya adhuhuri ng'ombe walikuwa wameingia, wakila masuke kwa utulivu mkubwa. Gladys alimtazama Pekeshe tu, naye Pekeshe akampa mgongo.

Ili ugomvi huo usirudi, Hamisi aliagiza nguzo ichimbiwe mferejini, mahali kipimo kilipoanzia. Jembe liligonga kitu kigumu. Walipoondoa matope ya mafuriko na kumwaga maji, ukatokea ukingo wa zamani wa saruji, na juu yake nyayo za mguu mtupu zilizozama zikifuatana.

"Si zile za siku uliyotupimia bonde?" Hamisi aliuliza. "Ulipita juu ya saruji mbichi, fundi nusura akupige."

"Ndizo," Pekeshe alisema kwa fahari. "Alinitukana hadi jioni."

Alivua ndala ili kila mtu aone, akauweka mguu wa kulia katika unyayo wa kwanza. Ukaenea, kidole kwa kidole. Watu wakapiga makofi. Kisha akatupa hatua ya kushoto, kama alivyozitupa zile tisini za asubuhi hiyo, na kisigino chake kikatua kwenye saruji ngumu, kiganja kizima nyuma ya unyayo wa pili.

Nawe uliyeisoma, mpe jirani yako naye aisome. Mwisho wake usimwambie.