Tumbo la Mama

Madaktari wanagenzi hawakuruhusiwa kumgusa mgonjwa. Kazi yao ilikuwa kumjazia faili kwenye kishikwambi, na kwa miaka mitatu Tumsifu ndiye aliyewashinda wenzake kwa kasi. Jumapili moja nyumbani, akimenya ndizi jikoni na mama yake, mama aliweka kisu chini.

“Hebu nipapase hapa, mwanangu. Pananisumbua tangu Pasaka.”

Tumsifu akachukua kishikwambi. “Panachoma au panakata, mama?”

“Weka hicho kidude! Si wewe ndiye daktari?” Akamshika mkono, akaukandamiza tumboni.

Palikuwa pagumu. Au pengine tumbo la kila mtu liko hivyo. Tumsifu hakuwahi kugusa la mgonjwa yeyote.

“Kuna nini?” mama aliuliza, kisha akauona mkono wa pili wa bintiye ukijipapasa tumbo lake mwenyewe, ukilinganisha.