Bakuli la Mbao

Katika filamu yangu nilimficha uso kwa ukungu na sauti nikaibadilisha, ili asikamatwe na polisi wa China. Mtu yule aliyesema mbele ya kamera yangu, kule Tibeti, kwamba watoto wafundishwe lugha yao, hata mama yake mzazi asingemtambua.

Nilipoionyesha, Mama Pelkyi alikaa mstari wa mbele katika ukumbi wetu wa wakimbizi wa Tibeti hapa Dharamsala, India, akivuta tasbihi. Ghafla tasbihi ikasimama.

"Mwanangu huyo!"

Watu wakacheka. "Ah, Mama, wewe kila filamu mwanao yumo."

"Chekeni tu. Bakuli hilo nilimpa mimi. Tazameni fedha iliyoziba ule ufa."

Nikatazama. Kwetu kila mtu ana bakuli lake la mbao la chai, na hulibeba kifuani kila aendako. Nami nililisogezea kamera kwa kuwa mwanga ulilipendeza.

Mama akanikumbatia, akagusisha paji lake la uso kwenye langu. Machozi yake yalinilowesha.

"Miaka ishirini na miwili sijamwona, binti yangu! Ahsante. Mwonyeshe kila mtu."

Filamu ilikuwa mtandaoni tangu Jumatatu.